Mbacha Wako ni Upi?

Wako watu wanaodhani kwamba methali ikishatamkwa, mjadala umekwisha. Mzee hukohoa kidogo, husema "Usiache mbachao kwa msala upitao", na kijana aliyekuja na hoja zake nne hubaki akitazama vidole vya miguu yake. Methali hiyo nimeisikia mara nyingi katika miaka hii ya karibuni, na aghalabu ilikuwa ikitumiwa kumzuia kijana mwenye elimu ya kompyuta asiondoke mahali alipo. Kijana ameajiriwa na halmashauri ya wilaya kwa masharti ya kudumu na malipo ya uzeeni. Anataka kwenda Dar es Salaam au Nairobi kufanya kazi ya mkataba wa mwaka mmoja. Ukoo unakutana, methali inatamkwa, na kijana anarudi ofisini kwake.

Sina ugomvi na methali yenyewe. Ni ya hekima na itaendelea kuwa ya hekima. Ugomvi wangu ni juu ya namna inavyotumiwa. Maana kabla ya kumwambia mtu asiuache mbacha wake, yatupasa tujue mbacha ni upi na msala ni upi. Wazee wenzangu wamekubaliana, bila ya kulijadili, kwamba barua ya ajira ndiyo mbacha. Mimi nasema kwamba kwa fundi wa kompyuta barua ya ajira ndiyo msala upitao, na mbacha wake ni ujuzi wake pamoja na mahali panapoulisha ujuzi huo.

Hebu kwanza tukumbushane sisi ni nani tunaotoa ushauri huu. Sisi ni kizazi kilichokuwa kazini mwaka 1974, Serikali ya Tanzania ilipopiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Wakati ule nchi ilikuwa na haja nyingine. Mwaka huo huo liliamuliwa Azimio la Musoma, na kilichotafutwa kwa haraka kilikuwa walimu wa kufundisha watoto wote, si mashine za kuhesabia. Silaumu. Nasema tu kwamba watu waliokulia katika marufuku ya kompyuta wangepaswa kuuliza maswali mengi kidogo kabla ya kutoa amri juu ya maisha ya watu wa kompyuta.

Tena kazi zetu zilikuwa za namna nyingine. Mwalimu akipangiwa Newala au Ngara, ubao ni ule ule, mtaala ni ule ule, na watoto ni wale wale wenye njaa ya kujua. Ujuzi wa mwalimu hauozi kwa sababu ya umbali. Pengine hukomaa zaidi kijijini, kwa kuwa hana vitabu vingi vya kutegemea na hulazimika kufikiri. Kwa miaka mingi niliwaambia wanachuo wa ualimu waende popote watakapopangwa, na hata leo ningewaambia hivyo hivyo. Kwa mwalimu, mahali ni jambo la hali ya hewa, nauli na umbali wa nyumbani.

Kwa fundi wa kompyuta mahali ni jambo la ujuzi wenyewe. Lugha za kuandikia programu hubadilika, njia za kulinda taarifa hubadilika, na yale aliyoyasoma chuoni hupungua thamani mwaka hadi mwaka. Sehemu kubwa ya elimu yake huipata kwa kukaa kando ya mtu anayemzidi, akatazama jinsi anavyolitatua tatizo, akakosolewa kazi yake. Sasa mchukue kijana huyo umweke peke yake katika ofisi ambayo hakuna mwingine anayejua anachofanya. Nawafahamu vijana wa namna hiyo. Walisoma jinsi ya kubuni mifumo, na sasa kazi yao ni kutoa karatasi iliyonasa katika mashine ya kuchapia, kubadilisha wino, na kumsaidia bosi aliyesahau nywila yake. Mshahara unafika kila mwisho wa mwezi. Barua ya ajira iko kabatini, safi, haijachakaa. Kinachochakaa ni ujuzi. Baada ya miaka mitano kijana huyo ana cheo cha mtaalamu na hawezi tena kushindana na aliyemaliza chuo juzi. Je, huo ndio usalama?

Mtu atasema: hata hivyo kazi ni ya kudumu. Basi tulitazame neno hilo "kudumu", maana limetudanganya mara nyingi.

Katika Afrika ya Mashariki ya ujana wangu, hapakuwa na kazi iliyoheshimiwa kwa usalama kuliko kazi ya Jumuiya: Reli, Bandari, Posta na Simu, Shirika la Ndege. Nchi tatu zilisimama nyuma ya barua moja ya ajira. Nani angefikiri kwamba nchi tatu zingeshindwa kulipa? Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika. Wazee waliokuwa watumishi wake hapa Tanzania walidai mafao yao kwa miaka na miaka, mahakamani na barabarani, na wengi walikufa wakidai. Ikaja miaka ya 1990, na mashirika ya umma yakabinafsishwa, na watumishi wa Serikali wakapunguzwa kwa maelfu. Wote hao walikuwa na barua zenye neno "kudumu".

Lakini tazama ni nani aliyeumia zaidi kati yao. Fundi mitambo wa reli, dereva na mhasibu waliweza kubisha hodi mahali pengine, hasa kama walikuwa katika mji wenye viwanda na maghala. Aliyeumia kabisa ni yule aliyejua kazi moja ya mwajiri mmoja katika mji uliokuwa na mwajiri huyo tu. Hapo ndipo penye fundisho. Usalama wa mtu hupimwa kwa idadi ya milango anayoweza kubisha mlango wake ukifungwa, na milango hiyo haiko katika barua ya ajira. Iko mahali.

Wale wanaodhani hayo ni mambo ya nchi maskini tu, nawaomba waitazame Marekani, ambako kazi hii ya kompyuta ilizaliwa. Kulikuwa na kampuni iliyoitwa Digital Equipment Corporation, iliyoanzishwa mwaka 1957 katika mji mdogo wa Maynard, si mbali na Boston, ndani ya kiwanda cha zamani cha sufu. Kampuni hiyo ilikua hata ikawa na wafanyakazi zaidi ya 100,000, na ilisifika kwamba haimfukuzi mtu kwa sababu ya biashara kuwa mbaya. Mtu aliingia kijana akitarajia kutoka mzee. IBM nayo ilijivunia sifa kama hiyo kwa miongo mingi. Upande wa pili wa nchi, katika bonde la California linaloitwa Silicon Valley, mambo yalikuwa kinyume. Mwaka 1957 huo huo wataalamu 8 walimwacha mwajiri wao, William Shockley, wakaanzisha kampuni ya Fairchild. Mwaka 1968 wawili kati yao, Robert Noyce na Gordon Moore, wakaiacha Fairchild wakaanzisha Intel. Huko kuhama kampuni hakukuwa aibu. Sheria ya California, tangu mwaka 1872, haitambui mkataba unaomzuia mfanyakazi kwenda kufanya kazi kwa mshindani wa mwajiri wake.

Mzee wa ukoo wetu angeulizwa mwaka 1980 kijana aende wapi, angesema bila kusita: aende kwenye kampuni isiyofukuza. Na nini kilitokea? Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Maynard ilianza kupunguza watu kwa maelfu, na mwaka 1998 ikauzwa kwa Compaq. IBM nayo iliiacha sifa yake ya kutofukuza watu katika miaka hiyo hiyo. Bonde la California, ambalo halikumwahidi mtu yeyote kazi ya maisha, liliendelea kuajiri. Mtaalamu aitwaye AnnaLee Saxenian alilieleza jambo hili katika kitabu alichokitoa mwaka 1994, akilinganisha sehemu hizo mbili. Kule Boston elimu ilifungiwa ndani ya kuta za kila kampuni. Kule California ilitembea na watu kutoka kampuni hadi kampuni. Kampuni zilikufa, lakini wafanyakazi walivuka barabara tu wakaingia nyingine.

Nasikia sauti ya vijana sasa, nao wanafurahi wakidhani nimekuwa upande wao. Wasifurahi mapema. Nao wana kosa lao, na ni kubwa vile vile.

Kosa la kwanza ni la wale wanaosema kwamba mahali si kitu tena kwa kuwa kuna intaneti. Nitakaa Mbinga, husema, nitafanya kazi ya kampuni ya London, nitalipwa kwa fedha za kigeni, na kahawa nitavuna. Ni ndoto nzuri, na wapo wanaoiishi. Lakini ukiichunguza utaona kwamba huyo naye ana mlango mmoja, tena uko ng'ambo ya bahari. Intaneti yetu hupita katika nyaya zilizolazwa chini ya bahari tangu mwaka 2009. Mwezi Mei 2024 nyaya mbili za pwani hii ya mashariki ziliharibika kwa pamoja, na nchi zetu zikabaki zikitambaa. Januari 2021 intaneti ilizimwa Uganda kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi, na kuanzia tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, ilizimwa hapa Tanzania kwa siku kadhaa vile vile. Mteja wa London hangoji siku tano. Na akikuacha, Mbinga hakuna wa pili wa kumwendea. Aliye mbali na mwenye kazi huwa wa kwanza kusahauliwa, maana hana mtu wa kumtetea katika mazungumzo ya kwenye chai.

Kosa la pili ni la wale wanaodhani kwamba mahali ni Ulaya na Marekani tu. Kuanzia Novemba 2022 hadi Januari 2023, katika miezi mitatu tu, Meta ilitangaza kupunguza watu 11,000, Amazon 18,000, Alphabet yenye Google 12,000, na Microsoft 10,000. Mwenyeji aliyepunguzwa alipoteza mshahara. Mgeni aliyekuwa huko kwa viza ya kazi ijulikanayo kama H-1B alipoteza mshahara na hatari ya kupoteza mahali ikamkabili, kwa kuwa kwa kawaida hupewa siku 60 tu za kupata mwajiri mwingine, kubadili hadhi yake ya ukaaji, au kufunga virago. Septemba 2025 Serikali ya Marekani ikatangaza ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya viza hiyo. Mgeni huyo yumo katika mji wenye milango elfu, lakini ana kamba shingoni inayofika mlango mmoja. Mbuzi aliyefungwa katikati ya shamba la mahindi hashibi kwa ukubwa wa shamba. Hushiba kwa urefu wa kamba.

Na msidhani kamba hiyo hufungwa Marekani tu. Nairobi, mapema mwaka 2023, kampuni ya Sama ilitangaza kuacha kazi ya kuchuja maandishi na picha za Facebook, na watu zaidi ya 200 wakaambiwa ajira zao zinakwisha. Kesi ikafunguliwa mahakamani. Baadhi yao walikuwa wametoka nchi nyingine za Afrika, na ruhusa yao ya kukaa Kenya ilitegemea kazi ile ile. Walikuwa Nairobi, mji wenye milango mingi kuliko yote katika eneo hili letu, na hawakuweza kuibisha.

Kwa hiyo kipimo changu si kijiji dhidi ya mji, wala nyumbani dhidi ya ughaibuni. Ni maswali matatu. Kwanza: nikitoka kazini hapa leo, ni waajiri wangapi ninaoweza kuwaendea kwa nauli ya daladala? Pili: je, sheria inaniruhusu kuwaendea, au nimefungwa kamba? Tatu: hapa nilipo, yuko nani anayenizidi ninayejifunza kwake? Kazi yenye majibu mazuri kwa maswali hayo ni salama hata kama mkataba wake ni wa miezi 6. Kazi isiyo na jibu zuri hata moja ni ya hatari hata kama barua yake imepigwa mihuri mitatu.

Na kipimo hiki hakiidhulumu Serikali. Dodoma leo, tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa dhati mwaka 2016, kuna wizara, kuna Mamlaka ya Serikali Mtandao, kuna Chuo Kikuu. Mfumo wa kulipia huduma za Serikali kwa namba ya malipo, ambao sote tunautumia, ni kazi ya wataalamu wa Kitanzania. Kijana aliyepata nafasi kati ya watu wa namna hiyo asidanganywe na yeyote kwamba amepotea. Ninachokataa ni kumpeleka kijana mahali alipo peke yake, kumwachisha kujifunza, kisha kuliita jambo hilo bahati.

Sasa nizijibu hoja za wapinzani wangu, maana wanazo, na mbili zina uzito.

Ya kwanza ni uzee. Mkataba wa mwaka mmoja, wanasema, hauna pensheni. Si kweli. Mwajiri binafsi anatakiwa na sheria kumchangia mfanyakazi wake katika NSSF, jumla ya asilimia 20 ya mshahara kwa pande zote mbili, na hata aliyejiajiri anaweza kujiandikisha na kuchangia. Tatizo ni kwamba vijana hawaulizi, na waajiri wengine hukwepa. Basi tuwafundishe kuuliza, na kumkataa asiyechangia. Mzee anayetaka kweli kumlinda mwanawe angemwambia "Nionyeshe michango yako" badala ya "Usiondoke".

Ya pili ni nzito zaidi: wote wakienda mjini, nani atazihudumia wilaya? Hospitali ya wilaya nayo ina kompyuta, na shule nayo. Hoja hii naiheshimu, kwa kuwa nimeishi kwayo. Lakini jibu lake si kumfunga kijana mmoja mmoja upweke. Kenya iliuzindua mji wa Konza Januari 2013 kuwa mji wa teknolojia, katika tambarare tupu kando ya barabara ya Mombasa. Zaidi ya miaka kumi baadaye Nairobi ndiyo bado yenye watu na kazi. Mji wa ujuzi haupandwi kwa kuchora viwanja. Hupandwa kwa kukusanya watu. Mkoa ukiwaweka wataalamu wake 6 katika nyumba moja, wakahudumia wilaya zote kwa zamu, wakakosoana na kufundishana, utakuwa umepanda mbegu. Ukiwatawanya mmoja mmoja, umepanda mahindi sita katika ekari sita.

Nimebakiza neno moja, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Tunaposema "usalama", wazee wenzangu, tunasema usalama wa nani? Mshahara wa Serikali unajulikana tarehe yake. Mwana akiwa nao, baba anajua lini atume ujumbe wa ada ya mdogo wake, mama anajua lini dawa ya presha itanunuliwa, na kamati ya harusi inajua pa kupeleka kadi ya mchango. Kijana wa mkataba huwa na mwezi wa neema na mwezi wa kiangazi, na hatutaki kuvumilia kiangazi chake. Hayo ni mahitaji ya kweli, wala si aibu kuwa nayo. Aibu ni kuyavika methali, tukajidai kwamba tunamlinda yeye ilhali tunajilinda sisi. Kama tunataka atubebe, tumwambie wazi: "Mwanangu, tunakuhitaji, tukubaliane kiasi gani na kwa namna gani." Huo ni mkataba wa haki, na anaweza kuupima. Lakini tukimwambia kwamba kukaa kwake ni kwa faida yake, tunamnyima hata nafasi ya kutuhurumia kwa hiari.

Sisi tutakufa. Yeye atabaki na miaka 30 ya kufanya kazi mbele yake, na katika miaka hiyo ofisi zitavunjwa, kampuni zitauzwa, na mashine zitafanya leo yale yaliyofanywa jana na watu. Siku mlango wake utakapofungwa hatakwenda kumwonyesha mwajiri mpya barua yake ya mwaka ule, wala methali yetu. Ataulizwa swali moja: unajua kufanya nini? Tumwache aende mahali atakapoweza kulijibu.